Siku ya Wanaume Duniani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila inapokaribia tarehe 19 Novemba, vijiwe na makundi ya simu hujaa mizaha kuhusu Siku ya Wanaume Duniani, na unaovuma kuliko yote ni ule unaodai kwamba wanaume walijitungia siku yao kwa kuwaonea wivu wanawake wenye Machi 8. Dai hilo halina msingi. Siku hii, kama inavyojulikana sasa, ilianzishwa mwaka 1999 na Dk. Jerome Teelucksingh, mhadhiri wa historia wa Chuo Kikuu cha West Indies nchini Trinidad na Tobago. Aliichagua tarehe hiyo kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa baba yake, ambaye kwake alikuwa kielelezo cha mwanamume mwema, na pia kwa kuwa ndiyo siku ambayo, mwaka 1989, timu ya taifa ya kandanda iliwaunganisha wananchi wa kila asili ilipokuwa ikiwania nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. (Mechi yenyewe walifungwa bao 1-0 na Marekani, wakaikosa safari ya Italia, lakini umoja ule ndio uliokumbukwa.) Miongoni mwa malengo sita ya siku hii limo la kuboresha uhusiano wa wanaume na wanawake na kukuza usawa baina yao, hivyo anayeitumia kuwakejeli wanawake anakwenda kinyume na nia iliyoizaa.

Wapo wanaodhani kuwa hii ni Siku ya Baba kwa jina jingine. Siku ya Baba, ambayo katika nchi nyingi huangukia Jumapili ya tatu ya Juni, huwaacha kando wavulana, vijana na wanaume wasiojaliwa watoto, na pengo hilo ndilo lililomsukuma Teelucksingh. Wala si siku rasmi ya Umoja wa Mataifa, ambao tarehe hiyohiyo huadhimisha Siku ya Choo Duniani, sadfa ambayo wenye mizaha hawajaiacha ipite.

Dhana nyingine ni kwamba wa kusherehekewa ni mabingwa na mastaa. Lengo la kwanza kabisa linasema vingine: vielelezo vyema ni pamoja na wanaume wa kawaida wanaofanya kazi na kuishi kwa uadilifu, na kwa maoni yangu fundi cherehani anayemfunza kijana wa jirani bila malipo anastahili kuitwa mbele kuliko mgeni rasmi.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni ile ya kwamba mtoto wa kiume halii. Lugha yetu wenyewe inaichochea, kwani "kiume" kwetu ni ushujaa, na mwenye msiba huambiwa ajikaze kiume. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha vifo hivyo kwa wanaume ni takribani mara mbili ya kile cha wanawake. Sababu ni nyingi na hazielezwi kwa neno moja, lakini mtu aliyefunzwa kunyamaza huchelewa kuomba msaada.

Hofu hiyohiyo ya kuonekana dhaifu inajitokeza katika suala la tezi dume. Husemwa mtaani kwamba "fulani ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa, ilhali kila mwanamume anayo: ni tezi iliyo chini ya kibofu, inayozunguka njia ya mkojo na kutoa sehemu ya majimaji ya manii. Umri unapopanda huweza kuvimba na kuibana njia hiyo, na uvimbe huo wa kawaida si saratani. Si kweli pia kwamba kipimo cha saratani ya tezi dume ni cha kidole peke yake, maana kipo kipimo cha damu inayochukuliwa mkononi, ingawa matokeo yake yakiwa juu hayathibitishi saratani, kwa kuwa hata maambukizi huyapandisha. Kubwa zaidi, saratani hiyo ikiwa changa mara nyingi haina dalili, kwa hiyo anayesubiri aumwe kwanza huenda akachelewa. Maandalizi ya siku hii mtaani yakiwa na fedha za kukodi ama muziki ama daktari wa kuyajibu maswali haya faraghani, mimi ningemchagua daktari.