Busha lina jina, mfuko mtupu hauna

Huku Tanga kila kinachovimba chini ya kitovu cha mwanamume kina jina. Kuna busha, kuna ngiri, kuna mshipa, na wazee wa Ngamiani watakueleza tofauti zake kabla chai haijapoa. Lakini mfuko wa korodani uliobaki mtupu, au wenye moja badala ya mbili, hauna jina, na kisicho na jina hakisemwi. Mimi ni mpasuaji wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume. Wengi wenye tatizo hili wananifikia wakiwa na ndevu.

Majuzi alikuja fundi boti wa upande wa Pangani (kazi yake nimeibadilisha), miaka 32, kafuatana na mkewe. Ndoa ya miaka 6, mtoto hakuna. Bahasha alibeba mke: picha za ultrasaundi, kipimo cha mirija, vipimo vya homoni, vyote vya kwake. Mume hakuwahi kupimwa hata mara moja, na hilo nitaliandikia siku yake maana likinipanda leo sitamaliza. Nikaagiza kipimo cha manii. Ujazo wa kawaida, rangi ya kawaida, mbegu sifuri. Maabara wakaizungusha sampuli kwenye mashine, wakatazama mashapo chini ya darubini. Sifuri.

Nikamwomba apande kitandani. Mfuko ulikuwa bapa, ngozi haina mikunjo, kama kifuko ambacho hakijawahi kutiwa kitu. Korodani nilizikuta kinenani, kulia na kushoto, laini, kila moja kama kokwa ya fenesi.

"Lakini dokta, mimi nguvu ninazo," akasema. "Muulize mwenyewe huyu."

Mkewe akavuta mtandio, akatazama dirishani.

Hakuwa anasema uongo. Korodani ina kazi mbili, na zinafanywa na seli tofauti. Seli za kwanza zinatengeneza homoni ya kiume, ile inayoleta sauti nzito, ndevu na hamu. Hizo zinavumilia joto kwa kiasi kikubwa. Za pili ndizo zinazozaa mbegu, na hizo joto ni sumu kwao. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa dume kwa kila anachokiona na kukihisi, halafu mbegu hana. Hata manii hayamwambii kitu, kwa sababu karibu maji yote yale yanatoka kwenye tezi dume na vifuko vilivyo nyuma ya kibofu. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno, hakuna jicho litakalojua kama hazimo.

Joto lenyewe si kubwa. Mfuko wa korodani huwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la ndani ya mwili. Unafanya kazi kama mtungi wa maji uliowekwa uvunguni: ngozi yake nyembamba, haina mafuta chini yake, inatoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Juu yake, vena zinazorudisha damu zimeuzunguka mshipa unaoleta damu, zikiipoza kabla haijafika. Korodani iliyobaki kinenani au tumboni haina mtungi wowote. Inaishi karibu na nyuzi 37 mchana na usiku. Hata zile mbegu chache zitakazotoka huwa na maumbo yaliyopinda, mwendo wa kusuasua, na vinasaba vilivyokatika.

Zinafikaje huko? Korodani haziumbiki kwenye mfuko. Zinaanzia tumboni, jirani na figo, zikiongozwa na kamba ambayo mpasuaji John Hunter aliieleza katika karne ya 18. Safari ya mwisho, ya kupita kinenani hadi mfukoni, inafanyika kati ya wiki ya 25 na ya 35 ya ujauzito. Ndiyo maana mtoto njiti anaweza kuzaliwa safari haijaisha. Kwa watoto waliotimiza miezi, ni kama 2 hadi 4 katika kila 100. Kwa njiti wanaweza kufika 30.

Sasa hapa ndipo ninapoomba unisikilize, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopotezea muda. Watu wanadhani mbegu ni habari ya kubalehe, basi kuna miaka 12 ya kusubiri. Si hivyo. Kati ya mwezi wa 3 na wa 12 wa maisha, seli changa za uzazi zinabadilika kuwa seli mama, na hao ndio akiba ambayo mwanamume ataila maisha yake yote. Kila mbegu itakayotoka akiwa na miaka 20 au 50, kwa mzunguko wa siku kama 70, inatokana na akiba hiyo. Korodani ikiwa mahali pa joto, mabadiliko hayo yanakwama, seli zinapungua, na zile zilizokwama bila kufa zinashukiwa kuwa ndizo chanzo cha saratani ya baadaye. Ukimpasua kijana wa miaka 16 utaishusha korodani. Akiba iliyopotea haishuki nayo.

Mama yake fundi aliambiwa na mhudumu wa afya, miaka hiyo, "zitashuka zenyewe." Kauli hiyo ni kweli hadi miezi 6. Baada ya hapo ni nadra sana. Mtoto akafikishwa jandoni, mfuko mtupu ukaonekana na wanaume watu wazima watatu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Upasuaji wa kuishusha na kuishona mahali pake unatakiwa ufanyike kati ya miezi 6 na 18. Kwa kumbukumbu ya mama wa Kitanzania ni rahisi: chanjo ya surua ni miezi 9, ya pili miezi 18. Siku ya surua ya kwanza mwombe nesi amshike mtoto. Nyumbani, mwangalie ukimwogesha kwa maji ya vuguvugu, mikono yako ikiwa ya moto, kwa sababu mkono wa baridi huifukuza korodani nzima ikapanda juu. Inayopanda na kushuka hivyo si ugonjwa, ila ifuatiliwe. Ultrasaundi mara nyingi ni kupoteza hela hapa; mkono wa mpasuaji unatosha, na isiposhikika tunaingia na kamera.

Jambo moja lisisubiri: kama korodani hazipo na tundu la mkojo liko chini ya uume, msimtahiri. Ile govi itahitajika kutengenezea njia ya mkojo. Na mchanga ambaye zote mbili hazishikiki aonwe haraka, kwa kuwa huenda ana hitilafu ya homoni inayoweza kumuua.

Waliopasuliwa utotoni kwa korodani moja, kama 9 kati ya 10 huja kuwa baba. Zikiwa mbili, ni kama 6 kati ya 10. Zikiachwa zote juu hadi utu uzima, karibu wote wanakuwa kama fundi wangu. Kuhusu saratani, utafiti wa Sweden wa 2007 ulionyesha hatari ni kama mara 2 ya kawaida kwa waliopasuliwa kabla ya miaka 13, na zaidi ya mara 5 kwa waliochelewa.

Fundi nilimweleza yanayowezekana: kuzitafuta mbegu ndani ya korodani kwa darubini ya upasuaji, na zikipatikana hata chache, kuidunga moja ndani ya yai maabara. Ni safari ya Dar es Salaam na ni pesa nyingi. Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyeuliza.

"Dokta, na mtoto wa wifi yangu je? Ana miezi 7, la kushoto halionekani. Bibi yake anasema ni mshipa tu, utakaa sawa."

Tatizo hili hutembea katika familia. Nikamwambia amlete. Alhamisi walikuja, bibi mwenyewe kambeba. Nikapasha mikono kwenye maji ya moto, nikamshika: ipo kinenani, ndogo kama punje ya njugu, hai. Amepangiwa tarehe, mwezi mmoja kabla ya surua.