Kirikuu au ukuta: nilivyogeuza banda la gari kuwa karakana

Nikimwambia mtu nimepanga gereji, swali la kwanza ni kama nitamwangalizia breki. Kwetu Dar, gereji ni pale magari yanapotengenezwa. Pale gari linapolala ni banda la gari tu. Mimi ni seremala, na karakana yangu ni banda la gari ndani ya ua wa nyumba ya watu huku Tabata. Lina futi kumi kwa ishirini, kuta za tofali za saruji ambazo ndani hazikupigwa lipu, bati juu, geti la chuma la milango miwili, na doa jeusi la oili katikati ya sakafu. Fremu ya barabarani yenye ukubwa huo ingenimaliza kwa kodi, na mbao ningeziweka wapi?

Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi, nikabaki na laki sita za matengenezo. Laki sita kwenye karakana ni kama ndoo ya maji kwenye shamba. Ndipo nikajiwekea swali moja kwa kila kitu nilichotaka kununua: siku ya kuhama, hiki kitapanda kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, au kitabaki ukutani? Lipu hubaki. Sakafu mpya hubaki. Dari hubaki. Meza, taa, rafu na mashine hupanda kirikuu. Kwa hiyo pesa yangu iliingia kwenye vile vya kupanda kirikuu, na vilivyofungwa nimevifunga kwa skrubu na bolti. Msumari na saruji nimevikimbia.

Vitu viwili vikubwa vilikataa kanuni hiyo: umeme, na mwanga wa mchana kutoka kwenye paa. Bila hivyo hakuna kazi, na ukishavitengeneza huwezi kuving'oa ukaondoka navyo. Nilimfuata mama mwenye nyumba jioni moja akiwa anachambua mchele, nikamwambia, "Mama, haya mawili nikiyafanya yatabaki kwako. Naomba gharama yake tuikate kwenye kodi ijayo." Alinyamaza, akatoa vijiwe viwili kwenye ungo, akasema, "Andika, baba. Mimi nasahau." Tukaandika kurasa mbili: vitakavyobaki, nitakavyoondoka navyo, na saa za kupiga mashine. Tukaenda kusaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kama unasoma haya na bado hujalipa kodi yako, anza na karatasi hiyo kabla ya kununua hata kibati kimoja cha rangi.

Sasa umeme, maana hapo ndipo wengi wetu tunapounguza vitu.

Banda lilikuwa na soketi moja na taa moja. Wiki ya kwanza nilitumia ekstensheni ya nyumbani, ile nyeupe ya kuchajia simu. Msumeno wangu wa meza ni wa wati 1,800. Gawa kwa volti 230 unapata karibu ampea 8. Mashine ya kufyonza vumbi ina wati 1,200, ampea 5 na kidogo, nayo huwaka pamoja na msumeno. Jumla ampea 13, ambayo ndiyo kikomo cha fyuzi ya plagi yenyewe. Juu ya hapo, mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ikishakolea. Waya wa ekstensheni ile ulikuwa mwembamba, na mimi kwa kupenda usafi nikawa nimeuzungusha kama kamba ya kuchotea maji. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Siku ya tatu nilisikia harufu ya plastiki, nikagusa, nikakuta mizunguko imeshikana kama tambi zilizolala.

Nikaita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Alivuta laini mpya kutoka kwenye bodi ya nyumba hadi bandani, waya wa milimita 2.5 za mraba, saketi breka ya ampea 20 ya karakana peke yake, na kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Hicho cha mwisho ndicho nilichotaka kukiruka ili niokoe pesa, na fundi alikataa kuanza kazi bila hicho. Sakafu ya zege inayopata unyevu, mashine ya chuma, na mtu anayefanya kazi na ndala: alinitajia hivyo vitatu huku akiangalia miguu yangu, nikaenda kununua. Waya wote umepita ndani ya mabomba ya plastiki juu ya ukuta, hakuna uliofukiwa.

Kuna jambo la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ambalo wapangaji husahau. Kaya zinazotumia umeme mdogo, zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, TANESCO huziuzia uniti kwa bei nafuu. Nyumba ya mama ilikuwa humo. Msumeno wangu ukiingia kwenye mita ileile, matumizi yanapanda, na bei nayo inapanda kwa wote. Nilifunga mita ndogo ya kwangu nikidhani nimemaliza, kumbe mita ndogo inagawa hesabu tu, bei haiigawi. Tulichokubaliana ni kwamba umeme nanunua mimi, na mama ananirudishia uniti zake kwa ile bei yake ya zamani. Tofauti ninabeba mimi. Kila Jumamosi jioni mjukuu wake anasoma mita na kuandika kwenye daftari, mimi nasaini. Ningekuwa na uwezo ningeomba mita yangu kamili, lakini mita nayo haipandi kirikuu.

Sakafu. Watu watakuambia mwaga zege jipya. Kwanza pima. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujaze, ncha moja ukutani nyuma na nyingine getini, weka alama maji yalipotulia pande zote mbili, kisha pima kutoka sakafuni. Yangu inashuka sentimita tano na nusu katika mita sita. Huo si ubovu, banda la gari hujengwa hivyo ili maji yatoke. Ukilisawazisha umeziba njia ya maji. Kinachotakiwa ni miguu ya meza inayorekebishika. Kwenye kila mguu nilitoboa tundu chini, nikapigilia nati ndani ya mbao, nikaingiza bolti nene ambayo kichwa chake ndicho kinachokanyaga sakafu. Ukizungusha kwa spana mguu unapanda au unashuka. Bolti nne na nati zake zilinigharimu chini ya bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Doa la oili nililimwagia maranda, nikasugua kwa fagio gumu, nikayaacha usiku kucha, nikarudia kwa sabuni ya unga. Halikwisha. Limepauka tu, na ndala haitelezi tena, inatosha.

Kipimo kingine ni cha unyevu, nacho ni bure. Kata nailoni angavu ukubwa wa dirisha dogo, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni hewa tu ya Dar. Kwangu yalikuwa chini. Maana yake mbao haigusi sakafu kamwe, hata kwa usiku mmoja.

Nilijua hivyo, na bado nilipata hasara. Masika yalipoanza nilikuwa nimeegemeza ukutani shiti tatu za MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, zimesimama juu ya vipande vya mbao vya inchi moja. Mvua ya alfajiri ikajaa uani, maji yakapita chini ya geti, na geti lenyewe lina uwazi wa kuingiza kiganja. Nilipofika, maji yalishatoka, sakafu ilikuwa inakauka, nikashukuru Mungu. Kisha nikashika ukingo wa chini wa shiti ya kwanza: umevimba kama mkate uliochovywa chai. MDF ikivimba hairudi. Nilikata sentimita kumi na mbili kila shiti, na kabati la mteja nikalichora upya.

Dawa yake imetoka kwa mziba pancha. Nilinunua tyubu ya lori iliyokwisha kazi, nikakata mikanda mipana, nikaifunga kwa skrubu kwenye ubao, na ubao nikaubana kwa bolti chini ya milango yote miwili. Mpira unaburuta sakafuni geti likifunguliwa, kelele yake mbaya, lakini maji hayapiti. Mbao zote sasa ziko juu ya paleti zilizopandishwa kwa tofali mbili. Na kwa wenzangu wa useremala: ubao wa mninga uliokaa Dar miezi miwili una maji kuliko uliokaa Dodoma. Meza ukiitengeneza hapa ikaenda kule, itasinyaa kwa upana wake, urefu ukabaki uleule. Droo ifanyie hesabu hiyo kabla ya kuiunganisha.

Kuta nilizipaka chokaa nyeupe kwa sababu ni rahisi na inarudisha mwanga. Nusu ya chini nilijuta. Chokaa inafutika, na ubao wa kichwani wa kitanda cha mninga niliouegemeza ukutani ulitoka na mistari myeupe ambayo iliingia hadi kwenye vinyweleo vya mbao. Toka sakafuni hadi usawa wa kifua sasa ni rangi ya maji ya kawaida, juu chokaa.

Tofali sikuzitoboa. Nilisimamisha nguzo tatu za mbili kwa nne kati ya sakafu na boriti ya paa, zimebanwa kwa kabari, na juu yake nikafunga mbao zilizopasuliwa mshazari kwa digrii 45, ukingo mkali ukiangalia juu upande wa nje. Nusu ya pili ya kila ubao iko mgongoni mwa rafu, imegeuzwa. Rafu unaitundika tu, uzito wake wenyewe unaibana. Nikitaka kuhamisha sanduku la patasi nalinyanyua kwa mkono mmoja.

Mwanga wa mchana ni mabati mawili ya plastiki yanayopitisha nuru, juu ya meza. Usiku nina taa mbili ndefu za LED, zimening'inia juu ya ukingo wa mbele wa meza. Ukiiweka taa nyuma yako, kivuli chako ndicho kitakachokuwa kinakata mbao. Angalia pia taa za bei ya chini sana karibu na msumeno. Nyingine humetameta kwa kasi usiyoiona kwa jicho, na kwa mzunguko fulani meno ya msumeno yanaweza kuonekana yamesimama ilhali yanazunguka. Hapo ndipo pekee niliponunua taa ya bei.

Vumbi lilinigombanisha na mama. Wiki ya pili aliniita akiwa ameshika kanga: "Fundi, nguo zangu zinanuka mninga." Nilicheka, yeye hakucheka. Kama ni kanga tu ingekuwa afadhali. Vumbi la mbao limo katika orodha ya visababishi vya saratani ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, tangu 1995, na la mvule huwasha kifua na ngozi hata kabla hujafika huko. Mashine ya vumbi ya kiwandani sina pesa yake. Nilichofanya ni kuchukua ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, nikatoboa matundu mawili. La kwanza limepokea bomba kutoka kwenye msumeno, na bomba lake nimelipinda ndani lielekee ubavuni ili hewa izunguke. La pili liko katikati ya mfuniko, linakwenda kwenye mashine ya kufyonza. Maranda yakizunguka yanagonga ukuta wa ndoo na kudondoka, na mashine inapata vumbi jembamba tu, kwa hiyo chujio lake halizibi kila baada ya nusu saa. Barakoa bado navaa. Maranda ya mashine ya randa wafuga kuku huja kuyachukua kwa gunia. Ya mvule siwapi, wala ya mbao zilizotiwa dawa. Na siku ya kufua, ambayo ni Jumatano, sipigi msasa.

Hesabu ya laki sita? Umeme ulimeza karibu nusu, na huo utarudi kwenye kodi pamoja na yale mabati mawili. Kilichobaki kiliingia kwenye mbao za meza, taa, mpira, rangi, bolti na kufuli mbili nzito. Juu ya meza ni mlango wa flashi uliotolewa kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa, nikaufunika kwa plaiwudi ya milimita 18. Kimo chake ni pale konzi inapofika nikisimama mikono imelegea, maana napiga randa ya mkono. Wewe wa kuchonga vidogo vidogo utaitaka ya juu zaidi.

Joto sijalishinda. Nilifungua matundu chini ya bati pande mbili, nikayafunga kwa wavu, na feni ipo. Asubuhi panakalika. Kiangazi nitaomba ruhusa ya kupaka bati rangi nyeupe, lakini hiyo ni pesa ya kubaki ukutani na mama ameshaanza kunitazama kwa jicho la "kodi gani itabaki sasa?" Kwa hiyo kuanzia saa saba hadi saa tisa nazima kila kitu, nachukua jiwe na patasi, nakwenda kunolea chini ya mwembe wake.