Neno "kompyuta" si kifupisho

Katika madarasa mengi ya kompyuta hapa Moshi, mwanafunzi huambiwa kwamba jina la mashine hii ni kifupisho: kila moja ya herufi nane za neno la Kiingereza "computer" husimamia neno lake, na yote kwa pamoja hueleza mashine ya utafiti na elimu. Nami niliyaandika daftarini nikayakariri. Maelezo hayo hushika kichwani haraka, na waliotufundisha nao walifundishwa hivyo hivyo.

Asili yenyewe ni Kilatini, "computare", kukokotoa. "Com" ni pamoja. "Putare" ni kukadiria, na maana yake ya zamani zaidi ni kupogoa matawi, kazi ambayo mkulima wa kahawa wa Kibosho anaijua vizuri. Katika Kiingereza neno "computer" limeandikwa tangu mwaka 1613, na lilimtaja mtu: mkokotoaji wa hesabu. Mashine za elektroniki za miaka ya 1940 zilirithi tu jina la kazi yake.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kamusi kubwa ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno, utazame mwaka wa matumizi ya kwanza. Tazama pia kitenzi "compute": kama jina liliundwa kwa herufi za mwanzo, kitenzi hicho kilichotangulia mashine kilitoka wapi?