Je, wajua kwa nini filamu ya "1080" kwenye flashi haifanani na ile ya diski ya Blu-ray?

Katika vibanda vya kurushia filamu mjini Moshi, mteja huchomeka flashi, huchagua filamu ya saa mbili iliyoandikwa "1080", na baada ya muda mfupi huondoka nayo ikiwa imechukua, tuseme, GB 1.5 tu. Filamu hiyohiyo kwenye diski ya Blu-ray, nayo ikiwa ya 1080, huweza kuchukua GB 30. Nukta zinazoonekana kwenye runinga ni zilezile kwa idadi. Tofauti inatoka wapi?

Namba 1080 hutaja mistari ya nukta iliyopangwa kutoka juu hadi chini ya picha, na kila mstari una nukta 1,920, yaani picha moja ina nukta 2,073,600. Rangi ya kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti 3, picha hiyo huchukua MB 6.2 hivi, na kwa kuwa sinema kwa kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, sekunde moja tu hula karibu MB 149. Kwa mwendo huo diski ya Blu-ray ya tabaka moja, yenye nafasi ya GB 25, ingejaa kabla ya dakika tatu kutimia, majina ya waigizaji yakiwa bado yanapita. Kwa hiyo wanaodhani kwamba filamu ya Blu-ray haijabanwa wanakosea: imebanwa sana, ila haikukabwa koo.

Ubanaji huanza na udhaifu wa jicho letu, ambalo hutambua mwanga na kivuli vizuri kuliko rangi. Mwanga wa kila nukta hutunzwa, lakini nukta nne huchangia rangi moja, na hapo nusu ya mzigo huwa imeshaondoka. Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Fikiria kamera iliyowekwa Moshi asubuhi ikiutazama Kibo: mlima hausogei, kinachosogea ni wingu. Kanuni ya H.264, iliyotoka mwaka 2003 na kutumika katika Blu-ray nyingi, haiandiki mlima upya katika kila picha, bali huagiza kwamba kipande fulani kibaki kama kilivyokuwa, na kile cha wingu kisogezwe kidogo kushoto.

Sasa igeuze kamera kwenye shamba la migomba mvua ikinyesha. Kila jani linatikisika, kila tone ni jipya, na karibu hakuna cha kuazima kutoka picha iliyopita. Hapo ndipo nafasi inapohitajika. GB 1.5 zikigawanywa kwa sekunde 7,200 hutoa megabiti 1.7 hivi kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), ilhali GB 30 hutoa takriban megabiti 33. Mashine yenye bajeti ndogo hulazimika kutupa maelezo madogo madogo, na mtazamaji huona majani yakigeuka uji na mvua ikikatika vipande vya mraba. Hata anga tulivu juu ya Mlima Meru wakati wa machweo, ambapo rangi hubadilika polepole, hutokea ikiwa na mistari kama ngazi. Diski za filamu ishirini kwa moja, zilizojaa vibandani miaka ile, zilikuwa na ugonjwa huohuo, tena mkali zaidi.

Blu-ray humudu bajeti kubwa kwa sababu ya leza yake. DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye mawimbi ya nanomita 650. Blu-ray hutumia ya buluu inayokaribia zambarau, ya nanomita 405, pamoja na lenzi inayokusanya mwanga kwa nguvu zaidi, hivyo nukta ya mwanga huwa ndogo na vishimo vya data huweza kubanana. Nafasi kati ya mzunguko mmoja wa data na mwingine ilishuka kutoka mikromita 0.74 hadi 0.32. Ndiyo maana diski zenye upana uleule wa sentimita 12 hubeba GB 4.7 zikiwa za DVD na 25 zikiwa za Blu-ray, au 50 Blu-ray ikiwa na matabaka mawili.

Gharama yake ni kwamba data ya Blu-ray imefunikwa na ngozi ya milimita 0.1 tu, ilhali ya DVD imelala milimita 0.6 ndani, kwa hiyo diski hizi hupakwa utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo. Hata hivyo, vumbi la Arusha wakati wa kiangazi lifutwe kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu mkwaruzo unaokata njia ya data huharibu vipande vifupi ambavyo deki huweza kuvirekebisha, lakini unaozunguka pamoja na njia hiyo hufuta sehemu ndefu mfululizo.