Kobe wa gofa na shimo lake

Katika misitu ya misonobari ya Florida na kusini mwa Georgia, penye mchanga mkavu na jua la kutosha, aghalabu utaliona shimo kabla ya kumwona mwenyewe. Mdomo wake una umbo la nusu mwezi: chini bapa, juu mviringo. Mbele yake limelala rundo la mchanga uliotolewa ndani. Shimo la armadilo, mchimbaji mwingine wa maeneo hayo, huwa na mdomo wa mviringo zaidi.

Mchimbaji wa shimo hili la nusu mwezi ni kobe wa gofa, kobe wa nchi kavu (Gopherus polyphemus) anayeishi kusini mashariki mwa Marekani, kuanzia Louisiana hadi South Carolina. Miguu yake ya mbele ni bapa na migumu, ya kuchotea mchanga. Upana wa shimo hukaribia urefu wa kobe mwenyewe, ili aweze kugeuka akiwa popote ndani. Kwa hiyo shimo jembamba ni la kobe mdogo. Kwa kawaida shimo hufikia urefu wa mita 4 na nusu na kina cha mita 2, ingawa yapo yanayozidi mita 12 kwa urefu.

Thamani ya shimo hilo haiishii kwa kobe. Huko ndani joto na unyevu havibadilikibadiliki, na moto wa msituni hupita juu bila kudhuru. Zaidi ya aina 350 za viumbe zimeonekana zikitumia mashimo haya, wakiwamo vyura wa gofa, panya wa Florida, wadudu wengi, na nyoka mkubwa mweusi aitwaye indigo. Ni kama ngiri wa kwetu anavyolala katika shimo lililochimbwa na muhanga, ila hapa wapangaji ni wengi mno. Ndiyo maana wanaikolojia humwita spishi ya msingi: akitoweka, wengi wanaomtegemea huyumba.

Ukilikuta shimo, usiingize fimbo wala mkono. Wapangaji wengine ni nyoka wenye sumu, wale wa kayamba mkiani. Usikanyage pia rundo la mchanga mlangoni, kwa kuwa jike hupenda kufukia mayai yake hapo hapo. Na usiseme shimo limehamwa kwa sababu tu hukumwona kobe: kobe mmoja huwa na mashimo kadhaa na huyatumia kwa zamu.

Sheria ya Florida humlinda kobe pamoja na shimo lake. Hadi 2007 mjenzi aliweza kupata kibali cha kuendelea na kazi huku kobe wakifukiwa wakiwa hai, jambo ambalo kwangu ni ukatili uliopigwa mhuri. Siku hizi lazima wahamishwe kwanza, na shughuli yoyote ya ujenzi ndani ya takriban mita 7 na nusu kutoka kwenye shimo inahitaji kibali.

Wapo pia wenye nia njema wanaomwokota karibu na ufukwe na kumtia baharini, wakidhani ni kasa. Huyu si muogeleaji. Anaweza kufa maji. Ukimkuta barabarani na pana usalama, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache aendelee. Kumchukua ukamfuge ni kosa.