Wahamiaji wanaokamatwa njia ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia: yanayosemwa na ukweli wake

"Leo wamekamatwa, kesho wanarudishwa kwao." Hili husemwa sana Mbeya na Songwe, na ndilo lililo mbali zaidi na hali halisi. Mwethiopia aliyekutwa kwenye lori hushtakiwa kwanza kwa kuingia nchini bila kibali, chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Lazima apate mkalimani. Wengi wanaopita huku hutoka Hadiya na Kembata, kusini mwa Ethiopia, na si wote wanaokimudu Kiamhari. Mkalimani akikosekana, kesi inaahirishwa na mtu anarudi mahabusu. Akitiwa hatiani ni faini au kifungo. Kifungo kikiisha, safari bado. Mara nyingi hana pasipoti, hivyo ubalozi wake uthibitishe uraia kwanza, ndipo utoe hati ya dharura. Ethiopia haipakani nasi: ni ndege, au kupita Kenya kwa ridhaa ya Kenya. Na nauli alipe nani? Hapo ndipo mtu hubaki gerezani hali adhabu ameshaimaliza. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) husaidia baadhi ya wanaokubali kurudi kwa hiari.

"Akilipa faini, amehalalishwa." Hapana. Faini inamaliza kosa, haitoi kibali cha ukaazi, anakabidhiwa Uhamiaji.

"Mimi dereva tu, nimempa lifti." Anayesafirisha hubanwa kuliko anayesafirishwa: mahakama zimekuwa zikitoa faini ya shilingi milioni 20 au jela miaka 20, na gari linaweza kutaifishwa. Bodaboda nayo ni chombo cha usafiri.

"Asiye na kitambulisho cha taifa (cha NIDA) ni mgeni." Kauli hii inawaumiza wenyeji wenyewe. Wanyamwanga wapo Tunduma na wapo Nakonde, Zambia. Wandali wapo Ileje na wapo Malawi. Uraia unatokana na sheria, kadi ni ushahidi mmojawapo tu. Cheti cha kuzaliwa na vielelezo vya wazazi navyo vina uzito.

"Aliyeingia kwa njia ya panya hawezi kuomba hifadhi." Anaweza. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka ajitokeze ndani ya siku 7, na si lazima afike kituo cha mpakani: hata mtendaji wa kijiji anapokea taarifa yake. Mtendaji ukimpokea, andika jina, nchi, tarehe aliyoingia na maneno yake kwamba anaomba hifadhi, kisha mfikishie ofisa wa wakimbizi au Uhamiaji. Tarehe hiyo ndiyo hubishaniwa baadaye.