Rose Bowl si uwanja: yanayosemwa vibaya kuhusu kriketi ya wanawake ya Australia na New Zealand

Ukitafuta "Rose Bowl" mtandaoni, utaletewa uwanja mkubwa ulioko Pasadena, California. Siyo huo. Rose Bowl tunayoizungumzia ni kombe ambalo timu za wanawake za Australia na New Zealand zimekuwa zikiligombea tangu 1985 katika mechi za ova 50 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita inayorushwa).

Wengine wakishajua hilo hudhani uhasama wenyewe ulianza mwaka huohuo. La hasha. Testi (mechi ndefu ya siku kadhaa) ya kwanza kati yao ilichezwa Wellington, New Zealand, mwaka 1948, na wenyeji walifungwa vibaya. Betty Wilson wa Australia alipata mikimbio (pointi za kriketi) 90, kisha akaangusha wiketi kumi, yaani aliwatoa wapigaji mara kumi. Kina mama hao walikuwa tayari wamecheza Kombe la Dunia lao, 1973, wakati wanaume wakisubiri hadi 1975.

Na hii ya "wanawake walifuata nyayo za wanaume" inakwama hata kwenye T20, mtindo mfupi wa ova 20 kwa kila timu. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya mtindo huo ilikuwa ya wanawake, New Zealand dhidi ya Uingereza, mjini Hove, Agosti 2004. Wanaume walifuata Februari 2005, Auckland. Nani na nani? Australia na New Zealand.

Sasa tuje kwenye dhana inayonikera zaidi: kwamba huu si uhasama, ni Australia kumpiga mdogo wake kila mwaka. Kwa hesabu ya makombe, kweli, mizani imelala upande mmoja: Australia ina Kombe la Dunia la ova 50 mara saba, New Zealand mara moja. Lakini hiyo moja waliichukua kwa nani? Desemba 2000, huko Lincoln, karibu na Christchurch, kwenye fainali, New Zealand walitolewa wote kwa mikimbio 184. Belinda Clark akapiga 91 upande wa Australia, ikaonekana kazi imekwisha. Ikafika ova ya mwisho: mikimbio mitano inatakiwa, wiketi moja imebaki. Clare Nicholson akarusha mpira wa kwanza, ukagusa gongo la Charmaine Mason, na Rebecca Rolls akaudaka nyuma yake, Mason akatoka. New Zealand wakashinda kwa mikimbio minne. Mtu akiniambia hakuna ushindani hapo, namwomba aniambie ushindani unafananaje.

Miaka kumi baadaye, Barbados, deni likalipwa. Fainali ya Kombe la Dunia la T20 ya 2010, New Zealand walihitaji mikimbio mitano kwenye mpira wa mwisho, minne ingetosha kwa sare. Sophie Devine, msichana wa miaka 20, aliupiga kwa nguvu moja kwa moja kurudi kwa mrushaji. Ellyse Perry akanyoosha mguu, mpira ukamgonga ukageuka njia, wakaambulia mkimbio mmoja tu. Usiseme ni bahati tupu: Perry alikuwa pia mwanasoka wa timu ya taifa, na mwaka uliofuata alifunga bao dhidi ya Sweden kwenye Kombe la Dunia la soka.

Kuhusu malipo, wapo wanaodhani New Zealand, kwa udogo wake, ndiyo iliyoachwa nyuma. Mwaka 2022 ilikubali kuwalipa wanawake ada ya mechi sawa na wanaume.

Kuna na hili: "Australia akishakufunga, mashindano yako yameisha." Oktoba 2024, Sharjah, Australia waliwafunga New Zealand kwa mikimbio 60 kwenye makundi ya Kombe la Dunia la T20. New Zealand walikuwa wamefika huko baada ya kupoteza T20 kumi mfululizo. Kisha Afrika Kusini wakawatoa Australia nusu fainali, na siku tatu baadaye New Zealand wakawafunga Afrika Kusini hao hao kwenye fainali pale Dubai. Kapteni aliyeinua kombe alikuwa Sophie Devine.